Baiskeli Mombasa: nani aliyeziondoa barabarani?

#1 MpandaMtwapa
Salaam jamani. Nina dai moja, nataka mnipinge.

Mtwapa hadi Posta, kisiwani mjini, ni kama kilomita 16, na karibu njia yote ni tambarare. Mtu wa kawaida juu ya baiskeli, asiyeshindana na yeyote, aimaliza kwa saa moja hivi. Siku ya jamu, matatu yaweza kuila saa hiyo hiyo kati ya Bombolulu na Buxton, na nauli umeshalipa. Kisiwa chenyewe ni kidogo, mlima hakuna. Kwa hesabu yoyote huu ulipaswa kuwa mji wa baiskeli.

Sasa kasimame Daraja la Nyali asubuhi uhesabu. Utamwona muuza madafu, muuza mikate, mlinzi anayetoka zamu, fundi mwashi na kamba yake ya timazi. Mtu wa ofisi humwoni. Mwanafunzi humwoni. Na baba zetu walipanda, tena wakiwa na tai shingoni.

Mimi nasema ni aibu. Si barabara, si boda, si jua. Haya, semeni.

#2 TuktukMaisha
Boda. Fungeni uzi, twende tukanywe kahawa.

#3 WaLikoni
@TuktukMaisha boda ni mtoto mdogo katika mambo haya. Pikipiki zilifurika baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250 cc. Mimi nilimaliza shule miaka ya tisini, na wakati huo tayari kijana akija na baiskeli darasa zima lilimuuliza ng'ombe amewaacha wapi. Kwa hivyo zilishaanza kupotea kabla ya boda.

Halafu boda yenyewe ilizaliwa baiskeli, kule mpakani Busia. Malindi walibeba abiria kwa baiskeli miaka na miaka, kiti cha sponji nyuma, na watu wakaona sawa tu.

#4 FundiGololi
Mimi ni fundi, kazi yangu iko Majengo, na hapa mnazungumza siasa. Acha niwaambie kinachoziua baiskeli hapa: chumvi.

Mamba wa zamani, ile baiskeli ya Black Mamba, alikuwa chuma kizito, breki za fito, gia moja, mnyororo umefunikwa na kava yake. Hana kebo ya kuoza. Mvua ikimpiga wampangusa, wamtia mafuta ya cherehani, anaendelea. Zinazoteremka sasa bandarini ni za mitumba. Nzuri, nyepesi, gia ishirini na moja. Mteja anaipeleka Nyali, anaiegesha uani inatazama bahari. Masika ikipita ananiletea: kebo zimekwama ndani ya ala, mnyororo umeganda, spoku zimekatika pale zinapoingia kwenye rimu. Kuitengeneza ni karibu na bei aliyoinunulia. Anaitupa, anapanda boda. Huyo hakuwa na aibu yoyote, alichoka na mimi.

La pili ni spea. Watu wananunua tairi imeandikwa 28, wanakuja kulia haiingii. Kuna 28 mbili! Ya mamba ni 28 kwa inchi moja na nusu, na rimu yake ni milimita 635. Ya hizi za mbio pia huitwa 28, lakini ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na hata uvute kwa spana tatu haikubali. Angalia ile nambari ndogo pembeni mwa tairi kabla hujatoa pesa.

#5 TuktukMaisha
Fundi umekuja kutafuta wateja au kuchangia?

#6 FundiGololi
Yote mawili. Na wewe tuktuk yako ina kutu chini ya mlango wa kushoto, niliiona.

#7 BintiTudor
Nimesoma mpaka hapa. Kila mmoja ni baba, kijana, fundi, mzee. Dada zenu walikuwa wapi?

Nilijifunza kwa baiskeli ya kaka yangu, pale uwanjani, nikiwa mdogo. Nilikuwa namshinda. Nilipofika umri fulani baiskeli ikabaki yake peke yake, na hakuna aliyenipa sababu zaidi ya "watu watasema". Nimeirudia nikiwa na kazi yangu na pesa zangu. Sasa naenda Ganjoni kila siku kwa baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, ina kava ya mnyororo na wavu kwenye gurudumu la nyuma ili buibui lisinaswe. Ndani suruali. Kwa hivyo msije na hoja kuwa nguo ndiyo tatizo. Wavu ule fundi yeyote aweza kuufunga.

#8 MpandaMtwapa
Dada @BintiTudor ahsante, umenithibitishia. Hiyo ndiyo aibu niliyoisema #1.

#9 BintiTudor
La, usinitie kapuni mwako. Wewe waona haya kuonekana maskini. Mimi nilikatazwa kuonekana, basi. Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbali mbali.

#10 ShamsaWaKuze
@BintiTudor hapo sawa kabisa. Ila mimi dera langu liliwahi kuingia kwenye mnyororo mbele ya Marikiti, wauza viungo wote wakaacha mizani. Nafunga kwa kibanio cha nguo siku hizi.

#11 MzeeMamba
Vijana, nawasoma nacheka. Mimi bado ninaye mamba wangu, na kabla yake nilirithi Raleigh ya marehemu baba, imetengenezwa Nottingham, ina nembo ya shaba kifuani. Baba alifanya kazi bandarini. Zamu ikitoka Kilindini ilikuwa kengele tu, krin krin krin, na wewe mwenda kwa miguu wajibanza ukutani mpaka wapite.

Kulikuwa na taratibu zake. Baiskeli ilifutwa Ijumaa kabla ya msikiti. Dainamo ilikuwa fahari, maana taa ikiwaka usiku watu wajua huyu ana mshahara. Nyali tulikwenda kwa lile daraja la kuelea, la kulipia, na maji yalipojaa ama kupwa, pale pa kuingilia palibadilika mteremko. Ukishuka vibaya na mzigo wa nazi nyuma, nazi zaenda zake baharini.

Nani alituondoa? Hakuna aliyetuondoa. Watoto wetu walipata mshahara mkubwa kidogo, wakataka gari. Gari hawakupata, wakabaki kwenye matatu.

#12 KijanaBombolulu
Mzee heshima yako, lakini daraja la kuelea ni la Likoni, si Nyali. Nyali ni la zege na lilijengwa zamani za Mzungu.

#13 WaLikoni
@KijanaBombolulu mheshimu mzee kwa kumsoma vizuri. Nyali kulikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Hili la zege la sasa, lenye njia sita, lilifunguliwa 1980, Mzungu ameshaondoka miaka kumi na saba. Unalolisema wewe ni la Liwatoni kwenda Likoni, liliwekwa wakati wa Covid kwa ajili ya waenda kwa miguu.

#14 MzeeMamba
Ahsante mwanangu. Huyu kijana nitampakia nyuma siku moja nimwonyeshe lilipokuwa.

#15 KusiNaKaskazi
Mnataja jua, chumvi, aibu, na hakuna aliyetaja upepo. Mimi naishi Shanzu nafanya kazi mjini, na naweza kukwambia mwezi tulio nao kwa mapaja yangu tu.

Wakati wa kusi, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, asubuhi waenda mjini upepo uko usoni. Jioni wakusukuma nyumbani, raha. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba mpaka Machi, mambo yanageuka: asubuhi wafika kazini umetabasamu, jioni ukiwa umechoka na jua limekupiga, ndio wapambana nao. Kinachoudhi ni kuwa nguvu za upepo haziendi sawasawa na kasi yake. Kasi ya hewa inayokukabili ikiwa mara mbili, ukinzani wake ni mara nne. Kwa hiyo pale juu ya daraja, wazi pande zote, mtu asiyezoea hushuka akasukuma. Na akishasukuma mara chache mbele ya matatu iliyojaa watu wanamtazama, kesho harudi.

Kwangu ilisaidia kushusha hendeli kidogo na kuacha kufukuzana na tuktuk. Siku tulivu za katikati ya misimu ndizo siku za kumfundisha mgeni. Ukimwanzisha Julai umempoteza.

#16 Mtanga_Halisi
Wakuu habari za huko. Nipo Tanga. Nimesoma sababu zenu zote na nina swali moja. Sisi tuna bahari hiyo hiyo, chumvi hiyo hiyo, kusi na kaskazi hizo hizo, jua hilo hilo, buibui hayo hayo. Tanga baiskeli zimejaa, mama anakwenda sokoni nayo, mwalimu anakwenda shule nayo, na hakuna anayecheka. Sasa kama chumvi ndiyo muuaji, mbona hakutuua sisi?

#17 TuktukMaisha
Hahaha fundi amepigwa.

#18 FundiGololi
Sijapigwa. Muulize Mtanga wenzake wanapanda baiskeli gani. Utasikia za kawaida, gia moja, kila duka lina spea. Ndiyo nilivyosema #4.

#19 Mtanga_Halisi
Hapo ni kweli, nyingi ni hizo. Lakini bado aibu na upepo havijajibiwa.

#20 Changamwe_Juu
Jibu la Mtanga ni malori. Nendeni mkapande kutoka Changamwe kuja kisiwani, halafu mje tena na habari za aibu.

Nilipanda njia hiyo kwa muda mrefu. Trela la kontena likikupita karibu, kwanza hewa yake inakusukuma nje, halafu mkia ukipita inakuvuta ndani. Usipolijua hilo utayumba upande mbaya. Tena dereva amekaa kulia na wewe uko kushoto kabisa, chini ya kioo chake. Hakuoni, hata awe mtu mwema namna gani. Akikata kona ya kushoto, gurudumu la nyuma halifuati la mbele, linakata ndani zaidi, na hapo ndipo wewe ulipo. Rafiki yangu aliumia hivyo, yuko hai alhamdulillahi, lakini baiskeli hakuigusa tena na mimi mke wangu akanifungia yangu stoo.

Ukingo wa lami nao umekatika kama mkate ulioumwa. Ukitoka kwenye mchanga kurudi juu unateleza. Kwa hiyo kwa sisi wa bara ya magharibi, sababu ni moja tu na ina matairi kumi na nane na zaidi.

#21 MpandaMtwapa
@Changamwe_Juu pole sana, na nakubali upande huo ni mbaya. Lakini Kisauni hakuna trela namna hiyo. Tudor hakuna. Kizingo hakuna kabisa, na huko Kizingo ndiko wanakopakia baiskeli juu ya gari waende kuipanda mahali pengine. Malori hayaelezi Kizingo.

#22 ShamsaWaKuze
Kizingo wanapanda kwenye barabara ya Mama Ngina Jumapili asubuhi, na helmeti na miwani na soksi ndefu. Jumatatu wako kwenye gari lenye kiyoyozi. Kwa hiyo baiskeli ikiwa mchezo haina aibu, ikiwa usafiri ina aibu. Eleza hiyo.

#23 WaLikoni
Umeieleza tayari.

Niongeze la feri. Mwenye baiskeli halipi, sawa na mwenda kwa miguu. Nafuu kubwa hiyo. Lakini jaribuni kushuka rampu saa moja asubuhi mkisukuma baiskeli katikati ya umati ule. Pedeli inamgonga mtu muundi, anakutukana mpaka upande wa pili. Nilichofanya mimi: nangoja umati utangulie, naingia wa mwisho, nikifika ng'ambo natoka wa mwisho, na bado nafika Ganjoni kabla ya yule aliyekimbilia matatu. Wenzangu hawana subira hiyo.

#24 JashoTu
Mimi nataka mtu mmoja tu mkweli ajibu: jasho mnalipeleka wapi? Februari, unyevu ule, nikitembea tu hadi steji shati limeshika mgongo. Bosi wangu hataki kunusa Tour de France.

#25 KusiNaKaskazi
Toka mapema, kabla jua halijapanda juu ya minazi. Panda polepole, maana jasho la baiskeli huja ukisimama, ukiwa mwendoni hewa inakukausha. Shati liwe kwenye mkoba, si mgongoni. Begi ning'iniza kwenye keria.

#26 BintiTudor
Na ukifika usiingie ofisini moja kwa moja. Keti kivulini dakika kumi.

#27 Ust_Mikindani
Kwa wanaume, misikiti mingi ya mjini ina maji na bafu. Nafika, naoga, nabadilisha, naswali dhuha, naingia kazini msafi kuliko aliyebanwa kwenye matatu. Mwezi wa Ramadhani nabadilisha ratiba: kwenda napanda, kurudi nasukuma taratibu ama naiacha kazini. Baada ya tarawehe ndio barabara tamu, baridi na tupu.

#28 KijanaBombolulu
Tukitaja Tour de France: Chris Froome ni Mkenya, amezaliwa Nairobi, ameshinda Tour tano. Kwa hiyo tuna damu ya baiskeli.

#29 Mtanga_Halisi
Nne mkuu. 2013, 2015, 2016 na 2017. Waliofika tano ni Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain. Na zote nne alishinda akiwa amekwisha kuhamia bendera ya Uingereza. Ya Kenya aliivaa mapema, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006.

#30 WaLikoni
Kijana wa Bombolulu leo si siku yako.

#31 KijanaBombolulu
Nimezoea. Lakini Biniam Girmay ni Mwafrika kamili hapo hamtanishinda. Mwertirea, 2024 alichukua hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, ile ya pointi. Na 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika.

#32 Mtanga_Halisi
Hapo umepatia yote.

#33 JashoTu
Eritrea wanapanda kwa sababu Waitaliano waliwaachia mbio na Asmara iko juu, ina baridi. Rudi kwenye hoja yangu ya jasho.

#34 Changamwe_Juu
Kigali nayo ina vilima kila kona na watu wanapanda na mizigo ya ndizi. Wakati sisi tuko tambarare tunalalamika. Hii inanikera hata mimi niliyeacha.

#35 Nanasi_Shimanzi
Mmesahau wizi. Mimi nimeibiwa mbele ya duka, nimefungia kwenye nguzo, wakakata kufuli. Nikanunua nyingine, nikawa naibeba ghorofani. Mwenye nyumba akasema inachafua ngazi. Ofisini mlinzi akasema hakuna pa kuiweka, na hapo hapo nyuma yake kuna maegesho ya magari nusu tupu. Nikaiuza. Aibu sikuona, malori sikuona, nilikosa tu mahali pa kuifungia.

#36 BintiTudor
Hili naliunga mkono kuliko yote yaliyosemwa. Baiskeli ikiwa mwendoni haina shida. Shida ni ikisimama.

#37 MpandaMtwapa
@Nanasi_Shimanzi lakini huyo mlinzi angekukatalia ungekuwa na pikipiki? Angekusalimu. Tunarudi pale pale.

#38 Nanasi_Shimanzi
Pikipiki yangu angeikataa pia, yeye hukataa kila kitu. Wewe kaka una nyundo moja na kila kitu kwako ni msumari wa aibu.

#39 MzeeMamba
Mimi sikuwahi kuifunga kwa kufuli. Tulizoea kutoa pampu na kuondoka nayo, maana pampu ndiyo iliyoibwa. Baiskeli yenyewe mtaa mzima waijua ni ya nani.

#40 FundiGololi
Mzee, nani ataiba mamba wako? Ataibebea wapi kilo zote zile?

#41 KusiNaKaskazi
Kwa wanaotaka kuanza bila malori wala aibu: zile njia za msitu wa Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya simenti. Dkt. René Haller alianza kupanda miti pale 1971, mivinje kwanza kwa sababu ndiyo iliyostahimili jiwe tupu, na leo ni kivuli kitupu. Nilimfundisha mwanangu huko. Anguko lake la kwanza lilikuwa juu ya majani ya mvinje, hakulia.

#42 ShamsaWaKuze
Kina mama wanakwenda huko? Nakuja na dada zangu wawili, mmoja hajui kabisa.

#43 BintiTudor
@ShamsaWaKuze nitumie ujumbe. Asiyejua tumshushie kiti mpaka miguu yote miwili ifike chini, tumtoe pedeli zote mbili, asukume kwa miguu kwanza. Akipata mizani ndio pedeli zirudi. Kumshika kiti kwa nyuma humfundisha kukutegemea tu.

#44 FundiGololi
Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha mwendo wa saa, msije mkaua nyuzi zake. Kila wiki naletewa moja iliyouawa hivyo.

#45 JashoTu
Nimejaribu leo, nimetoka saa kumi na mbili kasoro. Ust_Mikindani bafu la msikiti lilikuwa na foleni.

#46 Ust_Mikindani
Foleni ya wapanda baiskeli?

#47 JashoTu
Ya madereva wa boda.

#48 TuktukMaisha
Nilisema nini #2?